Bengal, Gujarat, Assam au Kusini: uanzie wapi ukitaka kuijua ibada ya Devi

Kila Septemba au Oktoba, kutegemea mwandamo wa mwezi, mamilioni ya Wahindu huingia katika siku tisa za Navratri. Usiku huohuo mmoja, familia ya Kigujarati mjini Ahmedabad, magharibi mwa India, imefunga: hakuna nafaka wala kitunguu, ni matunda, maziwa, viazi na karanga tu. Familia ya Kibengali mjini Kolkata, mashariki mwa nchi, iko kwenye foleni ya mchuzi wa mbuzi na samaki wa kukaanga. Zote mbili zinamwadhimisha Durga, na zote mbili zinasimulia kisa kilekile cha jinsi alivyomuua Mahishasura, adui wa miungu aliyejigeuza nyati. Huko Delhi, ambako jamii hizi hukaa mtaa mmoja, ugomvi kuhusu maduka ya nyama wakati wa Navratri hurudi mara kwa mara.

Kwa hiyo mtu akisema anataka kujua jinsi Wahindu wanavyomwabudu mungu wa kike, bado hajasema anachotaka. Devi, ambaye pia huitwa Shakti, yaani nguvu yenyewe inayouendesha ulimwengu, ana njia nyingi, na kila njia ina masharti yake. Moja itakutembeza usiku kucha, nyingine itataka ufundwe na guru, mwalimu wa dini, kwa miaka, na nyingine haitakuruhusu hata kuvuka kizingiti. Namwandikia mwanafunzi wa somo la dini, msafiri mwenye nauli ya safari moja, na yule aliyealikwa na jirani au mkwe wa Kihindu ambaye hataki kwenda bila kujua anachokwenda kukiona.

Ushauri wangu wa kwanza: usichague kwa jina la mungu wala kwa picha iliyokupendeza. Angalia namna anavyokuja kwa watu wake. Kuna mahali anakuja kama binti aliyeolewa mbali, kwingine ni taa ndani ya chungu, kwingine ni ufa kwenye mwamba, kwingine ni mchoro wa pembetatu, na kwingine alikuja kama ndui. Hilo ndilo linaloamua utakula nini, utalipa nini, na nani atakufungulia mlango.

Kitabu ambacho karibu wote hukirejea

Kabla ya kugawanyika, njia hizi zina kisima cha pamoja. Kinaitwa Devi Mahatmya, beti zinazohesabiwa 700 katika sura 13, zilizomo ndani ya Markandeya Purana, kimoja cha vitabu vya kale vya visa vya miungu, na wataalamu wengi huziweka karibu na karne ya 5 au ya 6. Wabengali hukiita Chandi, na wengine Durga Saptashati. Anayetaka kusoma kitu kimoja tu kuhusu mada hii asome hiki, maana bila hicho sanamu zote zitabaki kuwa mikono mingi na silaha.

Kisa kinaanza na watu wawili waliokwama. Mfalme Suratha amenyang'anywa ufalme wake. Mfanyabiashara Samadhi amefukuzwa na mkewe na wanawe walioitamani mali yake, na bado anawapenda. Wanakutana msituni, wanamwendea mzee mwenye hekima, naye anawasimulia vita vitatu vya Devi. Katika cha pili, miungu wote wanaume wameshindwa na Mahishasura. Nuru inatoka katika miili yao, inakusanyika, inakuwa mwanamke, na kila mungu anamkabidhi silaha yake. Katika cha tatu, paji la uso wa Devi linaghadhibika na Kali anachomoka humo. Ndiye anayemmaliza Raktabija, adui ambaye kila tone la damu yake likigusa ardhi huzaa adui mwingine kama yeye. Kali anatanua kinywa na kuinywa damu kabla haijadondoka.

Mwishoni Devi anawatokea wale wawili na kuwauliza wanataka nini. Suratha anaomba ufalme wake urudi. Samadhi anaomba ujuzi utakaomfungua kutoka katika "mimi" na "changu". Wote wanapewa, bila kuulizwa kwa nini hawakuomba kitu kimoja. Ndiyo maana hadi leo njia hii inaweza kumbeba mtu anayetaka kushinda uchaguzi na mtu anayetaka kuukimbia ulimwengu.

Wanavyuoni hugawa ibada ya Devi katika koo mbili: Kalikula, ukoo wa Kali, wenye nguvu Bengal, Assam na Nepal, na Shrikula, ukoo wa Shri, wenye nguvu kusini mwa India. Mgawanyo huo unafaa darasani. Ukifika kijijini utakuta mama wengine mamia ambao hawakuwahi kuusikia.

Bengal: binti anakuja kwao

Kama una nauli ya safari moja tu, nenda Kolkata wakati wa Durga Puja, yaani Navratri kwa namna ya Kibengali. Nasema hivyo nikijua umati wake.

Kazi huanza miezi kabla, katika mtaa wa wafinyanzi unaoitwa Kumartuli. Mafundi hufunga mabua kwenye fremu ya mianzi, hupaka udongo wa mto tabaka juu ya tabaka, na macho ya Durga huwa ya mwisho kuchorwa. Desturi inataka kiasi kidogo cha udongo kitolewe mlangoni pa nyumba za makahaba. Maelezo ya sababu ni mengi na hayapatani. Linalobaki ni kwamba sanamu haikamiliki bila mchango wa wanawake ambao mwaka mzima jamii huwapa kisogo.

Durga wa Bengal anamuua Mahishasura huku amezungukwa na watoto wake: Lakshmi, Saraswati, Ganesh na Kartik. Hapo ndipo penye ladha ya njia hii. Huyu ni jemadari, lakini ni binti pia, aliyeolewa na mungu Shiva huko milimani Kailash, na siku hizi chache amerudi kwa wazazi wake na wanawe. Kuna nyimbo za zamani za mama anayemngoja, mama anayelalamika kwamba mkwe wake ni maskini anayejipaka majivu. Siku ya kumi, Dashami, wanawake walioolewa humlisha sanamu vitu vitamu, humpaka rangi nyekundu ya sindur na kupakana wao kwa wao, kisha anapelekwa mto Hooghly na kuzamishwa. Watu wazima hulia. Udongo unarudi mtoni, na mwaka unaofuata anafinyangwa mwingine.

Kati ya siku ya nane na ya tisa kuna Sandhi Puja, dakika 48 ambamo inaaminika Devi alimgeukia adui katika sura yake ya Chamunda. Taa 108 huwashwa, na maua 108 ya yungiyungi hutolewa. Ukiweza kuwapo mahali pamoja tu kwa saa moja tu, iwe hiyo.

Mahekalu ya muda yanayojengwa mitaani, pandal, yako wazi kwa kila mtu. Huulizwi dini wala ukoo, na mengi hayana kiingilio. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza Durga Puja ya Kolkata katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Upungufu wake ni kwamba sanaa inaweza kuimeza ibada: vijana wengi wa Kolkata wenyewe hutoka kwa ajili ya mapambo, nguo mpya na chakula. Ukitaka sala zaidi ya tamasha, tafuta nyumba za koo za zamani zinazofungua nyua zao, kama ile ya Shobhabazar ambako Nabakrishna Deb alianzisha puja mwaka 1757. Utaona sanamu ndogo zaidi na makuhani wasio na haraka.

Wiki kama tatu baadaye, usiku wa giza wa mwezi kuandama, wakati India yote inawasha taa za Diwali, Bengal hufanya Kali Puja usiku wa manane. Huyu ndiye anayewatisha wageni: mweusi au wa buluu, ulimi nje, shada la vichwa shingoni, sketi ya mikono iliyokatwa, amesimama juu ya kifua cha Shiva. Lakini sikiliza wanavyozungumza naye. Mshairi wa karne ya 18, Ramprasad Sen, alimgombeza katika nyimbo zake kama mtoto aliyesahauliwa na mama sokoni. Hekalu la Dakshineswar, lililofunguliwa mwaka 1855, lilijengwa na mjane tajiri, Rani Rashmoni, wa tabaka ambalo Wabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, walisita kulihudumia. Kuhani wake maarufu, Ramakrishna, alizungumza na sanamu ya Kali kama mtu azungumzavyo na mzazi aliye chumbani. Hofu ya nje na mapenzi ya ndani vinakaa pamoja, na asiyeliona hilo atarudi nyumbani na picha za vichwa tu.

Kuhusu damu: katika pandal za mtaani, kafara imebadilishwa zamani, hukatwa boga, tango au muwa. Kalighat, hekalu la zamani la Kali mjini humo, mbuzi bado huchinjwa. Nyama yake hupikwa bila kitunguu wala kitunguu saumu, na huhesabiwa kuwa chakula kilichobarikiwa. Kama hilo litakuharibia siku, nenda Dakshineswar badala yake.

Gujarat: taa ndani ya chungu

Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki, maana Wahindu wengi walioishi Mombasa, Nairobi, Kampala, Unguja na Dar es Salaam kwa vizazi asili yao ni Gujarat, pamoja na eneo lake la Kutch. Anayepita mtaa wa Kisutu mjini Dar ameona mahekalu yamepangana. Waganda wa asili ya Kihindi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 waliibeba Navratri mpaka Leicester, na mji huo wa Uingereza sasa unajulikana kwayo.

Kiini chake ni chungu cha udongo chenye matundu, kilichowekwa taa ndani, kiitwacho garbo. Chungu ni tumbo la mama, na taa ni uhai uliomo. Wanawake, na siku hizi wanaume pia, hukizunguka wakipiga makofi na kuinama, usiku tisa mfululizo, na ngoma hiyo ndiyo garba. Ya vijiti, dandiya, huja baadaye usiku. Vadodara huwa na viwanja vya maelfu kwa maelfu ya wachezaji, tiketi, spika kubwa na mavazi yanayogharimu kuliko mahari ya zamani. UNESCO iliitambua garba mwaka 2023.

Tofauti na Bengal, hapa hakuna sanamu ya kuzamisha wala nyama ya kugawa. Hata kwenye hekalu kubwa la Ambaji, karibu na mpaka wa Rajasthan, kinachoabudiwa ni yantra, mchoro mtakatifu uliofunikwa, unaovalishwa nguo na mapambo kwa namna ambayo anayetazama kwa mbali hudhani ni sanamu.

Kitu ambacho mgeni hukikosa kwa sababu muziki ni mkubwa ni kuldevi, mama wa ukoo. Kila ukoo una wake. Wapatel wa Kadva wana Umiya wa Unjha. Kutch ina Ashapura wa Mata no Madh. Khodiyar hupanda mamba. Bahuchara hupanda jogoo, na hijra, watu wasiohesabiwa wanaume wala wanawake, wanamchukulia kuwa mlinzi wao. Mtu anaweza kuwa mfuasi wa mungu Krishna au wa madhehebu ya Swaminarayan mwaka mzima, lakini akioa au akipata mtoto anakumbuka kwenda kwa kuldevi. Kwa hiyo ukialikwa garba, cheza, ila pia mtafute mwanamke mzima wa familia umwulize kwa upole mama wa ukoo wao ni nani. Utapata somo ambalo spika hazitoi.

Masharti ni mepesi: vua viatu kwenye duara, usije umekunywa pombe, na ubaki mpaka aarti, sala ya kuzungusha taa, badala ya kuondoka ngoma ikiisha. Kule India kwenyewe tahadhari moja: katika baadhi ya viwanja vya Gujarat na Madhya Pradesh, miaka ya karibuni kumekuwa na kukagua vitambulisho ili wasio Wahindu wasiingie. Kwa mgeni asiye Mhindu, mwaliko wa familia ni bora kuliko tiketi.

Assam: jiwe lisilo na sura

Kisa cha hapa ni cha Sati, mke wa Shiva, aliyejitoa uhai baba yake alipomtukana mumewe. Shiva aliubeba mwili akizunguka kwa huzuni mpaka mungu Vishnu akaukata vipande, na kila kilipoanguka pakawa mahali patakatifu. Hesabu ya kawaida ni mahali 51, nyingine katika Bangladesh, Nepal, na hata Hinglaj huko Balochistan, Pakistan. Juu ya kilima cha Nilachal mjini Guwahati, jimbo la Assam, kaskazini-mashariki mwa India, inasemekana uliangukia uke wake. Hilo ndilo hekalu la Kamakhya, lililojengwa upya mwaka 1565 chini ya wafalme wa Koch.

Unashuka ngazi kwenye chumba chenye giza, na mwishoni hakuna uso wa kutazama. Kuna ufa kwenye mwamba, chemchemi inayoulowesha, maua na kitambaa chekundu. Mwezi Juni, mvua zinapoanza, hekalu hufungwa siku tatu kwa sababu Devi yuko hedhini; mashamba hayalimwi; kisha milango hufunguliwa kwa sherehe ya Ambubachi, na mahujaji hupewa vipande vya kitambaa chekundu. Watu huja kwa malaki, wakiwamo watawa wa tantra, njia ya siri ya ibada, ambao mwaka mzima hawaonekani.

Wengi wa nje hukimbilia Kamakhya kwa sababu ya sifa za tantra, na hapo mimi hutofautiana nao. Tantra wanayoifahamu ni ile ya mitandaoni: "m" tano, vitu ambavyo majina yake ya Kisanskriti huanza na herufi hiyo, yaani pombe, nyama, samaki, nafaka zilizokaangwa na tendo la ndoa. Vitu hivyo vipo katika maandiko ya mkono wa kushoto, yaani ya upande wa tantra unaovunja miiko, lakini kwa walioingizwa njiani na guru, na shule nyingi huvibadilisha kwa maji ya nazi, tangawizi na maua. Mgeni wa wiki moja hataonyeshwa lolote la maana, na anayejitolea kumwonyesha kwa malipo ni wa kukimbiwa. Tena usije ukiwa na ndoto kwamba hapa mwanamke ameondolewa mwiko wote: hedhi ya Devi husherehekewa, ilhali mwanamke aliye hedhini bado hatakiwi kuingia. Mbuzi na nyati dume huchinjwa. Nenda Kamakhya baada ya kuijua Bengal, ukiwa na maswali.

Kusini, mlango wa kwanza: malkia ndani ya mchoro

Shri Vidya ni njia ya watu wa vitabu. Mungu wake ni Lalita Tripurasundari, malkia mzuri mwekundu anayeshika upinde wa muwa na mishale mitano ya maua. Anaketi juu ya kiti ambacho miguu yake ni miungu Brahma, Vishnu, Rudra na Ishvara, na Sadashiva amelala kuwa godoro. Ujumbe hauhitaji mkalimani. Shairi la Saundarya Lahari, ambalo mapokeo humpa mwanafalsafa Shankara, linaanza kwa kusema kwamba Shiva akitenganishwa na Shakti hawezi hata kujitikisa.

Anaabudiwa kupitia Shri Chakra: pembetatu 9 zilizopishana, 5 zikielekea chini na 4 juu, zikizaa pembetatu ndogo 43, zimezungukwa na petali 8, kisha 16, kisha ukuta wa mraba wenye malango manne, na katikati kabisa nukta moja. Anayesali huingia kutoka ukutani hadi kwenye nukta, hatua kwa hatua, kwa mantra, maneno matakatifu yanayorudiwa, au hutoka kwenye nukta kurudi nje. Kwenye hekalu la Kamakshi, Kanchipuram, Shri Chakra imewekwa mbele ya mungu, na ndiyo inayopokea ibada.

Sharti ni moja na ni gumu: guru. Mantra ya silabi 15 haichukuliwi kwenye video. Hata akiipata kwa njia hiyo, mfuasi wa njia hii atakuambia ameshika maneno matupu. Na kwa karne nyingi guru hao walikuwa wanaume wa Kibrahmani, ingawa palikuwa na wanawake ndani ya familia zao. Katika karne ya 20 mambo yalilegea. Kule Devipuram, karibu na Visakhapatnam, mwanafizikia wa nyuklia aliyekuja kuitwa Amritananda alijenga hekalu lenye umbo la Shri Chakra ambamo mtu hutembea ndani ya mchoro wenyewe, akafundisha wanaume na wanawake bila kuuliza tabaka. Wahafidhina hawakufurahi.

Lakini njia hii ina ukumbi wa nje usiohitaji ruhusa: Lalita Sahasranama, majina elfu moja ya Devi, ambayo vikundi vya wanawake wa kusini huyaimba siku za Ijumaa. Kwa mtu mtulivu asiyependa umati wala damu, anayefurahia falsafa na lugha, hapa ndipo pake. Sikiliza majina hayo yakiimbwa kwa muda kabla ya kufikiria kumtafuta guru. Ukiona unachoka, umejijua bila gharama.

Kusini, mlango wa pili: mama wa ndui na mvua

Hatua chache kutoka kwenye hekalu la Kibrahmani lenye Shri Chakra, Mtamil wa kawaida ana mama mwingine: Mariamman. Yeye ni mvua, joto na ndui. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ni yeye amekuja nyumbani, kwa hiyo mgonjwa alitendewa kama mgeni mtukufu, akapozwa kwa maji ya manjano na matawi ya mwarobaini, na hakusemewa maneno makali. Ndui asilia ilimwacha mgonjwa wake wa mwisho mwaka 1977 huko Merca, Somalia, na mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa safi. Mariamman hakukosa kazi. Tetekuwanga, surua, ukame, utasa na kesi za mahakamani bado zipo.

Katika mwezi wa Aadi, kati ya Julai na Agosti, mahekalu yake hupika uji wa ulezi na kumgawia yeyote anayepita. Wafuasi hubeba vyungu vya moto, hutembea juu ya makaa, na baadhi hupandwa naye, wakasema kwa sauti yake. Msomaji wa pwani aliyewahi kuona ngoma ya pepo hatahitaji kuelezwa mara mbili. Makuhani mara nyingi si Wabrahmani. Kwenye hekalu lake kubwa la Samayapuram, karibu na Tiruchirappalli, kuna jambo ambalo sijalisikia kwingine: kila mwaka Devi mwenyewe hufunga siku 28 kwa ajili ya watu wake, na chakula anachotolewa hupunguzwa.

Mama huyu amesafiri kuliko wote. Vibarua Watamil waliopelekwa mashamba ya miwa ya Natal, Afrika Kusini, kuanzia 1860 walimbeba, na Durban ina mahekalu yake yenye kutembea juu ya moto hadi leo. Singapore ilimjengea mwaka 1827. Kwa msomaji wa kusini mwa Afrika, au anayepita Singapore, huyu anafikika kwa urahisi kuliko Kolkata.

Jirani yake ni Bhagavathi, jina la Devi katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Kila Februari au Machi, wanawake kwa mamilioni hujaza mitaa ya Thiruvananthapuram, kila mmoja na chungu chake na mafiga matatu ya matofali, wakimpikia wali mtamu Devi wa Attukal. Mwaka 2009 Guinness ilihesabu milioni 2.5. Moto wa kwanza hutoka hekaluni ukapokezwa jiko kwa jiko. Kule Kodungallur, mwezi Machi au Aprili, waaguzi huja na panga, hujipiga paji la uso mpaka damu itoke, na umati huimba nyimbo za matusi ya nguoni kwa Devi, kama ibada. Usipeleke watoto. Mahekalu mengi ya Kerala hayaruhusu asiye Mhindu kuingia ndani, kwa hiyo hapa barabara itakufaa kuliko hekalu.

Kama wewe ni mwanafunzi na unataka mada ya utafiti, ningekupa Mariamman kabla ya wote. Vitabu vimemjaza Kali sifa na lawama mpaka amechoka. Huyu mama wa uji wa ulezi bado ana mengi hayajasemwa, hasa huku kusini mwa bara letu.

Wawili wa kupitia haraka

Vaishno Devi, katika milima ya Trikuta huko Jammu, ni chaguo la anayependa hija ya miguu. Kutoka Katra ni kilomita kama 13 za kupanda, usiku na mchana, mahujaji wakiitikiana "Jai Mata Di." Pangoni kuna mawe matatu, yakiwa ni Mahakali, Mahalakshmi na Mahasaraswati. Nyama na pombe ni marufuku, bodi maalum inasimamia mahali hapo tangu 1986, na unajiandikisha kabla ya kuanza kupanda. Utaratibu ni mzuri, maelezo ni machache, na dakika zako mbele ya mawe hayo ni za kuhesabu kwa pumzi.

Lakshmi watu humtaja kwanza, ila ni wa nyumba nyingine. Kwa Wavaishnava, wafuasi wa Vishnu, wa kusini yeye ni mke wa Vishnu asiyetenganishwa naye, anayewaombea wenye dhambi. Si mamlaka ya juu kuliko wote kama Devi wa njia tulizopitia. Wafanyabiashara wa Kigujarati humwita wakati wa Diwali kwenye Chopda Pujan, kufungua daftari jipya la hesabu, na kurasa za mwanzo huandikwa Shubh na Labh, heri na faida. Siku hizi wengine huweka kompyuta mpakato mahali pa daftari. Ukialikwa dukani siku hiyo, peleka matunda au vitu vitamu visivyo na mayai, na usiage kabla ya kupewa prasad, chakula kilichobarikiwa.